Uso Uliobandikwa Ubavuni

"Mutoto yako njo alimuchora ndugu yangu maiti, na weye unakuya hapa kutulilia machozi!"

"Usiniguse, Kabamba! Ukinigusa, hii bukari yote itakuangukia ku uso."

"Mwanga! Mwanga, bote baone! Muloji alizaa muloji!"

Sahani ya ugali huo ilikuwa juu kweli, mikononi mwa Mama Simone, na mchuzi wa sombe, majani ya muhogo, ulikwisha kuchuruzika hadi kwenye kiwiko chake. Alikuwa amemletea mwanawe chakula kashoni, mahabusu ya kituo cha polisi. Kabamba, mwanamume mrefu aliyevaa kitambaa cheusi cha msiba mkononi, alikuwa amemzibia mlango wa ukanda. Nyuma yake walisimama wajomba na mashemeji, viatu vyote vikiwa na tope.

Inspekta Henriette alitoka ofisini akaingia katikati yao.

"Mama Simone, teremusha sahani. Baba Kabamba, rudia nyuma."

"Inspekta, huyu mama anatuchekelea. Tuko na maiti ku morgue, ye analetea muuaji chakula!"

"Hata muuaji anakulaka. Nilisema rudia nyuma. Kilio iko kwenu Panda, hapa ni polisi."

Kabamba akarudi nyuma hatua moja. "Mangaribi tutasikia kama amefika Buluo," alisema. "Kama hajafika, tutakuya wenyewe kumutafuta."

Wakaondoka. Mama Simone akabaki ameegemea ukuta. "Atakwenda kweli, Mama Inspekta? Buluo? Ule mutoto iko na kifua mubaya. Musimu mumoja tu na atakufwa kule."

"Nipatie sahani," Henriette alisema. "Nitamupelekea."

Hakumwahidi kitu kingine, kwa sababu hakuwa nacho. Karatasi za uhamisho kwenda gereza la Buluo zilikuwa tayari juu ya meza ya komisari, na gari la wafungwa lilikuwa liondoke mchana huohuo.

Kisa chenyewe kilianza Jumapili. Germain, mdogo wake Kabamba, alikutwa amekufa ndani ya salle yake, ukumbi wa michezo ya video huko Panda, amelala chini mbele ya mashini mpya, ile ya kusimama, yenye skrini na vitufe. Watu walisema ni courant tu. Katika mtaa ambamo umeme unakuja na kuondoka unavyotaka, nani angeshangaa? Lakini Jumatatu asubuhi Henriette alifungua mashini kwa nyuma akakuta waya wenye moto umefungwa kwenye bamba la chuma la vitufe. Haukuangukia pale. Ulikuwa umekazwa kwa parafujo. Aliwaambia ndugu wa marehemu hivyohivyo, waziwazi: si ajali. Kisha akafunga salle na kuweka karatasi ya muhuri mlangoni.

Jumanne, Henriette akiwa morgue na daktari, Kabamba alikwenda kwa komisari na habari nyingine. Ubavuni mwa mashini, upande ule uliokuwa umetazama ukuta, kulikuwa na picha ya maiti akitoka shimoni, na maiti huyo alikuwa na uso wa Germain. Komisari alikwenda, akaona, akapiga picha kwa telefone. Aliyechora mapambo ya mashini alijulikana: Damas, mwana wa Mama Simone. Tena ndiye aliyefunga taa ya kibao cha juu, kwa hiyo waya anazijua. Kabla ya jua kuzama alikuwa kashoni, na mtaa mzima wa Panda ulikuwa ukisema kwamba kijana alimchora mtu katika kifo na mtu akafa.

Henriette aliweka sahani juu ya meza yake akaagiza Damas aletwe.

Alikuwa kijana mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikula kwanza. Henriette alimwacha ale.

"Ulimuchora Germain?"

"Hapana."

"Uso ni yake."

"Ni yake, ndiyo. Komisari alinionyesha ku telefone. Mais si minye," alisema akijigonga kifua.

"Nani alichora ile mashini?"

"Minye. Ila ule uso, hapana."

"Nielezee namna unachora. Na unielezee sawa vile unaelezea mama yako, mimi sijui maneno ya ordinateur, ya kompyuta."

Damas alipangusa vidole kwenye suruali. "Bon. Germain alileta mbao na télé ya zamani, akasema anataka mashini yenye hakuna mwingine Likasi. Nikakata carton sawasawa na ubavu wa mashini, nikaipima, nikaingiza vipimo ndani ya Inkscape."

"Ni nini?"

"Logiciel, programu ya kuchora. Ya bure."

"Juu ya nini ile, sababu gani? Mutaani bote banasema Photoshop."

"Photoshop inalomba machine ya nguvu. Yangu ni ya zamani, ingekufwa. Iko GIMP, na yenyewe ni bure, nilijaribu. Mais Mama, ile inafanyaka na madoa. Foto ni madoa madogo-madogo, sindiyo? Ukiikuza mpaka inapita kimo ya mutoto, madoa inakuwa mikubwa, unaona vipande-vipande. Inkscape haichoreke madoa. Inachoraka mustari. Mustari, hata uukuze sawa nyumba, unabaki musafi."

"Na rangi?"

"Nilikamata ya kijani ya jiwe ya malakiti, ya shaba, na nyeusi. Basi. Germain alitaka ikae sawa chini ya mine, mu mugodi. Kila mufu anatoka ku shimo na hana uso, ni mafuvu tu. Nilikatala kuweka uso. Batu ya hapa, ukibachorea mutu ku shimo, watakuuliza ni nani."

"Kisha?"

"Nageuza maandishi yote kuwa mistari, juu imprimerie, kwenye wanachapa, haina aina yangu ya herufi. Natoa PDF. Jenny wa imprimerie anaifungua mu Corel yake, anaichapa ku vinili, plastiki yenye gundi. Nabandika, nakata, naweka mupira ya kandokando mwisho. Ile mupira inafinya vinili isifunguke."

Henriette aliandika neno moja: *mpira*. Kisha akauliza, "Kwa Inkscape yako, mutu hawezi kuingiza foto?"

Damas alisukuma sahani tupu kando. Alikuwa na nafasi ya kusema hapana, na inspekta asingejua.

"Anaweza," alisema. "Unaiweka tu katikati ya mistari."

"Kwa hiyo ungeweza."

"Ningeweza. Sikufanya."

"Hiyo 'sikufanya' haiandikwe tu, Damas. Inaonyeshwa." Akasimama. "Ruphin! Leta funguo za jeep."

Mvua ilikuwa imekatika lakini mawingu hayakusogea. Walipanda kuelekea Panda kupitia nyumba za kambi ya zamani, kuta zilizopakwa na kutiwa masizi tena, wanaume wakisukuma baiskeli zenye magunia ya makaa. Ruphin, polisi aliyeendesha, hakusema kitu njia nzima, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

Ndani ya salle kulinuka unyevu. Mashini ilikuwa imevutwa mbali na ukuta. Henriette aliwasha taa ya telefone akachuchumaa ubavuni mwake.

Kazi ya Damas ilikuwa nzuri na ya kutisha. Wafu walipanda kutoka shimoni wamebeba sururu, mafuvu yao ya kijani, mifupa ya rangi ya shaba. Henriette alisogeza kamera ya telefone hadi karibu igusane na picha, akakuza. Kingo za mafuvu zilikuwa safi kama zimekatwa kwa wembe. Akasogea kwenye uso wa Germain, ule wa mwisho, pembeni kabisa. Akakuza. Shavu likavunjika kuwa vigae vidogo vya mraba.

"Ni foto," alisema.

"Kumbe kijana aliongopa," Ruphin alisema.

"Ama hakuongopa. Ngoja."

Aliinamisha taa ili mwanga upite kwa ubavu. Vinili yote ilikuwa imefifia, haina mng'ao. Uso peke yake uling'aa. Akafuata ukingo wa mashini kwa kidole. Kila mahali vinili iliingia chini ya mpira na kubanwa nao. Uso haukuingia. Uliishia hapo kabla ya mpira, umekatwa kwa mkono kufuata ukingo wake, na mkataji alikuwa ameteleza mahali fulani akauchuna mpira wenyewe.

Henriette aliingiza ukucha chini ya sikio la Germain akavuta. Uso ulibanduka. Chini yake kulikuwa na fuvu la kijani, safi, lisilo na uso.

Ruphin alifanya ishara ya msalaba.

"Ulibandikwa baada ya mpira kuwekwa," Henriette alisema. "Baada ya kazi kwisha."

"Damas mwenyewe anaweza kurudi akabandika."

"Anaweza. Ndiyo maana sijafurahi." Aligeuza kipande upande wa mwanga. Mkataji alikuwa na haraka. Chini ya kidevu alikuwa ameacha ncha ya kitu cheupe, na kitu cha buluu chenye mstari wa fedha. "Damas hana buluu hapa popote. Hii ni nini?"

"Nguo?"

"Germain alivaaka nini?"

"Maillot, jezi ya mupira. Tangu nimujue, maillot."

Henriette alikiweka kipande kati ya karatasi mbili, upande wa gundi ukitazama juu. Kulikuwa na alama za vidole juu ya gundi, alama nzuri, lakini za kupelekwa Lubumbashi, na majibu ya Lubumbashi yalikuja yalipotaka.

"Ruphin. Tangu niweke muhuri, nani aliingia?"

"Komisari. Mardi, siku tulimukamata Damas."

"Mbele komisari hajaingia, nani?"

Ruphin alitazama viatu vyake. "Kabamba. Lundi mangaribi, ile siku uliweka muhuri. Alisema wanalomba carte ya Germain, kitambulisho yake, juu ya permis ya kuzika. Nikaona ni haki, ni mufu wake. Nilimufungulia, nikarudisha karatasi."

"Uliingia naye?"

"Nilibaki ku mulango. Mama, mutu iko ku kilio, utamuchungulia namna gani?"

"Kwa macho," Henriette alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Twende imprimerie."

Jenny alifanya kazi katika chumba chembamba kilichojaa joto la mashini ya kuchapa. Alikuwa na umri wa kama Damas, nywele zimefungwa na kitambaa, na alijibu bila kuacha kusogeza mausi.

"PDF ya Damas? Nayo iko hapa." Akaifungua. "Nilikuwa nasema ana wazimu, mistari yote ile. Mais ilitoka propre, musafi."

Henriette aliinamia skrini. Wafu wote walikuwepo. Wa mwisho alikuwa na fuvu. "Damas alirudi kubadilisha?"

"Hapana. Na angerudi, ningetoa vinili ingine yote. Kipande haibandikwe juu, inaonekana. Ni kazi ya mutu mwenye hajui."

Henriette alinyoosha mgongo ili amjibu, na ndipo alipoiona.

Bâche za misiba, mabango ya turubai yenye picha za marehemu, zilikuwa zimetundikwa ukutani zikikauka, zikisubiri wenyewe. Mzee mwenye mvi. Kijana mwenye tabasamu. Mwanamume mnene wa makamo. Nyuma ya kila mmoja mawingu meupe, na kila mmoja amevaa suti ileile nyeusi, kola ileile nyeupe, na tai ya buluu yenye mstari wa fedha.

"Jenny. Hawa watu walinunua suti pamoja?"

Jenny alicheka kidogo kisha akajizuia, kwa heshima ya wale wa ukutani. "Ile ni veste ya duka. Mutu anakufwa, famille inaleta foto ya telefone. Iko na singlet, ama iko na chupa ya bière mukononi. Utaibeba vile ku makaburi? Minye namuvalisha ku ordinateur. Baba bote banavaa hii. Bamama, niko na kitenge moja na ushanga."

"Na mutu muzima, mwenye hayakufwa, unamuvalishaka?"

"Muzima wa nini? Muzima anakuyaka na nguo yake."

Henriette alifungua karatasi mbili juu ya meza. Jenny aliangalia kipande cha uso, na mausi ikasimama.

"Hii ni tai yangu," alisema.

"Germain ulimuvalisha siku gani?"

"Lundi mchana. Yaya yake, ule mukubwa yake, njo alileta foto. Kabamba. Germain alikuwa na maillot, njo sababu nikamuvalisha."

"Ulimutolea nini?"

"Bâche, ba-tee-shirt, na ba-autocollant, zile foto za gundi za kubandika ku milango ya bamotokari, siku ya cortège, ya kusindikiza maiti. Bâche nikamwambia arudie kesho yake. Ba-autocollant akasema anabeba palepale. Nikasema, yaya, ngoja zikauke. Akakatala."

"Alibeba yeye mwenyewe?"

"Mikononi mwake. Hata sikumupatia sachet ya kubebea."

Henriette alimtazama Ruphin. Ruphin alikuwa amekwisha kuhesabu peke yake: Jumatatu asubuhi inspekta anasema si ajali, mchana Kabamba anabeba nyuso za ndugu yake, jioni anafunguliwa mlango. Na uso wa Germain akiwa na tai haukuwepo duniani mpaka alipokuwa maiti. Hakuna aliyeweza kumchora vile kabla.

"Kabamba anajua courant?" Henriette aliuliza.

"Alikuwa électricien, fundi ya umeme, ku usine mpaka walipofunga," Ruphin alisema. "Na hii maneno ya parcelle, kiwanja ya baba yao... Kabamba alitaka kuuza, Germain akaweka salle juu yake akakatala kutoka. Panda yote inajua."

"Panda yote inajua, na weye ulibaki ku mulango."

Alimpigia komisari akiwa ndani ya jeep, akamweleza kwa sentensi fupi. Komisari Philippe alimsikiliza hadi mwisho.

"Ni muzuri," alisema. "Kesho tutamukamata."

"Juu ya nini kesho?"

"Kesho njo kuzika. Henriette, haukamate mukubwa wa famille ku kilio. Watatupa mawe. Wazike kwanza."

"Na gari la Buluo?"

"Linapakia sasa. Damas tutamurudisha pole-pole, na karatasi ya parquet, ya mwendesha mashtaka."

"Pole-pole ya parquet ninaijua. Ule kijana ana kifua."

"Ni amri ya—"

"Network inakatika, chef," Henriette alisema, akakata yeye mwenyewe.

Uani kwa Germain wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, moto wa magogo ukitoa moshi zaidi ya joto. Kutoka ndani ya nyumba wanawake waliimba kwa sauti ya chini, bila kupumzika. Kabamba alikuwa katikati, akipokea mikono ya watu.

"Pole, Baba Kabamba," Henriette alisema. "Nimekuya juu ya cortège ya kesho. Polisi itatoa jeep. Nipatie autocollant moja, tubandike ku mulango."

"Asante, Inspekta. Haiyafika. Jenny hayamaliza."

"Jenny anasema ulibeba lundi."

"Jenny ni mutoto. Anachanganya wafu yake."

"Alichanganya bâche pia? Ile iko nyuma yako."

Watu chini ya turubai waliigeukia bâche. Kabamba hakugeuka. "Bâche ilifika. Autocollant hapana."

Nyimbo ndani ya nyumba zilikuwa zimesimama. Berthe, mjane wa Germain, alitokea mlangoni, miguu mitupu, kichwa kimefungwa kitambaa. Mjane hatoki kwenye mkeka wake, na mzee mmoja alinyanyuka kumrudisha. Berthe alimpita. Mkononi alikuwa na bunda la vinili lililokunjwa kwa gazeti.

"Ilikuwa chini ya kitanda kwenye Kabamba alilala, Mama," alimwambia Henriette. "Nilikuwa natafuta blanketi ya bageni. Sikujua kusoma maana yake mpaka sasa, vile anasema haiyafika."

Henriette alifungua gazeti. Germain, Germain, Germain, katika suti yake ya kukopeshwa. Na chini kabisa, kipande kimoja chenye mabega meusi, kola na nusu ya tai, na juu ya kola shimo lenye umbo la kichwa.

"Ulikata uso yake, ukaficha hiki kipande," alimwambia Kabamba. "Ungekitupa tu ku poubelle, mimi ningebaki na nini? Juu ya nini haukutupa?"

Kabamba alimtazama kama aliyetukanwa. "Foto ya ndugu yangu hayazikwa, nitupe ku takataka?" alisema. "Minye ni mutu wa namna gani?"

Yeye mwenyewe alisikia alichosema, kinywa chake kikabaki wazi.

Mjomba mmoja alinyanyuka. "Inspekta, hata kama. Azike kwanza. Ye njo mukubwa, nani atatupa udongo wa kwanza?"

"Minye," Berthe alisema. "Mumubebe. Tutazika wenyewe."

Henriette alitazama wanaume waliosimama, mikono yao, mawe ya jikoni kuzunguka moto. Bila kutazama nyuma alisema, "Ruphin. Pingu."

Safari hii Ruphin hakubaki mlangoni. Alipita kati ya viti akamfunga Kabamba mikono, na wanaume wakawaachia njia, mmoja baada ya mwingine, hadi jeep.

Gari la wafungwa lilikuwa limewashwa uani mwa polisi walipofika. Mama Simone alikuwa ameshika chuma cha nyuma, akiongea na mtu ndani asiyeonekana. Komisari Philippe alitoka ofisini akiwa na karatasi mkononi.

"Henriette! Hii imetiwa sahihi. Ukimushusha, itakuangukia weye."

"Iniangukie," Henriette alisema. Akapanda kidaraja cha nyuma, akafungua komeo kwa mkono wake. "Damas. Shuka."

Damas alishuka taratibu, akikohoa, akishika kila kitu alichoweza kushika. Henriette akafunga komeo, akapiga bodi mara mbili kwa kiganja, na gari likaondoka kwenda Buluo.